Mali Ikishauzwa Hairudishwi: Je, Kibao Kinamtoa Muuzaji Katika Dhima?

(Nakala ya mawaidha yaliyotolewa kwa waumini wa Mwenge, Dar es Salaam, baada ya swala ya Magharibi. Maswali mawili kati ya yaliyoulizwa yamewekwa mwishoni.)

  

Ndugu zangu Waislamu, na mama na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia, jambo tutakalozungumza leo haliko mbali. Kila atokaye hapa msikitini akashika njia ya kwenda kwenye mataa, pale Barabara ya Sam Nujoma inapokutana na ile ya Bagamoyo, hupita mbele ya maduka yaliyobandika kibao chenye maneno machache: Mali ikishauzwa hairudishwi. Wengine wamekiandika kwa kalamu kwenye kipande cha boksi, wengine wamekichapisha kwa herufi ndogo chini ya risiti. Wapo walioongeza kuwa wala haibadilishwi. Macho yetu yamekizoea kibao hiki hata hatukisomi. Tunakuja kukisoma siku tuliyorudi na bidhaa mkononi.

Mama mmoja, mzazi wa mtoto anayesoma kwetu madrasa, alidunduliza pesa zake kwa miezi kadhaa akanunua blenda ili auze juisi ya embe na parachichi jioni nje ya nyumba anayopanga. Siku ya kwanza blenda ilifanya kazi. Siku ya pili ilinguruma, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Akaifunga katika boksi lake na kuirudisha asubuhi yake. Muuzaji hakuigusa. Alionesha kidole ukutani. Mama alipoendelea kuomba akaambiwa kuwa hata katika Uislamu biashara ni makubaliano, na kibao alikiona kabla ya kutoa pesa. Basi akaja kuniuliza: Ustadhi, ni kweli kuwa kidini nikishatoa pesa na kupokea kitu sina haki tena?

Hasara ya pesa inaumiza, lakini swali lile ni zito kuliko hasara. Mwenye duka akisema kuwa huo ndio utaratibu wa duka lake, tutajadiliana naye juu ya utaratibu. Akisema kuwa ndivyo ilivyo dini ya Allah, hapo ametunga hukumu, na wajibu wa anayefundisha ni kuirudisha hukumu mahala pake.

Alipopatia muuzaji

Tuanze kwa uadilifu. Kibao kile kina upande wa haki, na ni vizuri wanunuzi waujue kabla hawajashangilia.

Biashara katika sharia ni mkataba unaofunga. Katika madhhebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo wengi wa watu wa pwani hii wamelelewa nayo, muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuvunja mauziano maadamu hawajaachana pale walipouziana. Hii huitwa khiyari ya kikao, na msingi wake ni hadithi sahihi mashuhuri. Imam Malik na Imam Abu Hanifa hawakuichukua kwa maana hiyo. Kwao mkataba hufunga kwa maneno yenyewe. Lakini wote wanakutana katika jambo moja: mkishaachana na mauziano yametimia, mnunuzi hana haki ya kurudi kwa sababu tu moyo wake umebadilika.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyenunua viatu jana Mwenge, leo ukapita Kariakoo ukavikuta kwa bei nafuu, huna dai. Dada aliyenunua kitenge akafika nyumbani akaambiwa na shoga yake kuwa rangi ile haimpendezi, hana dai. Na yule achukuaye gauni Ijumaa, akalivaa arusini Jumamosi na lebo ikiwa imefichwa kwapani, kisha Jumatatu akalirudisha akisema halikumkaa, huyo hana dai na juu yake ana dhambi ya hadaa. Wenye maduka wanawajua watu hawa kwa sura. Vibao vingi vilibandikwa kwa ajili yao.

Katika hali kama hizi, muuzaji akikubali kuipokea mali yake na kurudisha pesa, hiyo ni ihsani, nayo ina jina lake katika fiqhi: iqala. Mtume (S.A.W.) ameisifu, na amebashiri kuwa amsameheaye mwenzake katika mauziano, Allah atamsamehe kuteleza kwake. Ni fadhila kubwa. Lakini ni fadhila, na fadhila huombwa kwa adabu. Mtu hapigi meza dukani akidai fadhila.

Alipokosea

Sasa tuje kwenye kitu chenye kasoro, maana hapa ndipo kibao kinapojipa nguvu ambayo hakikupewa.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277 Miladia, katika kitabu chake Minhaj ambacho masheikh wa mwambao wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, ameweka mlango mahsusi wa khiyari ya aibu. Aibu kwa istilahi ya wanachuoni haina maana ya fedheha kama tunavyoitumia majumbani. Ni upungufu unaoshusha thamani ya kitu, au unaoharibu lengo ambalo kitu hicho hununuliwa kwalo, ilhali kwa kawaida vitu vya namna yake havina upungufu huo. Blenda isiyosaga siku mbili ina aibu. Mchele ulioitwa wa Kyela kumbe nusu yake umetoka kwingine una aibu. Mnunuzi akiigundua aibu iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa kitu, ana haki ya kurudisha na kupewa pesa yake yote.

Zingatieni hili: haki hiyo haitegemei kama muuzaji alijua au hakujua. Kujua kwake kunahusu dhambi. Aliyejua akaficha amefanya ghishi, na asiyejua hana dhambi. Lakini pesa ya mnunuzi ni ile ile, na haki ya kurudisha ni ile ile. Mara ngapi tumesikia muuzaji akisema, mimi boksi nimelipokea limefungwa, sikuwa ndani yake? Maneno hayo yanaweza kumtoa katika dhambi. Hayamtoi katika dhima.

Atasema: lakini mimi niliweka sharti, na mnunuzi akaridhia. Swali hili wanachuoni walilijibu karne nyingi kabla ya vibao vya Mwenge. Wanaliita mauziano kwa sharti la kujivua na aibu, yaani muuzaji aseme nakuuzia ila sina dhima ya kasoro yoyote. Kauli iliyopewa nguvu na Imam Nawawi ni kwamba sharti hilo humvua muuzaji na aibu ya ndani katika mnyama, ambayo yeye mwenyewe hakuijua, basi. Mnyama amevuliwa kwa sababu yuhai, anakula na kuugua, na maradhi yake hujificha hata kwa mwenyewe. Ama bidhaa nyingine, na aibu ya dhahiri, na aibu aliyoijua akanyamaza, sharti halimwokoi. Feni, redio, pasi na simu si wanyama.

Kipo kisa katika Muwatta ya Imam Malik ambacho kila mwenye duka anapaswa kukijua. Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa, kwa desturi ya zama zile, kwa dirhamu 800, akaweka sharti la kujivua na aibu. Mnunuzi akadai kuwa mtumwa yule alikuwa na maradhi asiyotajiwa. Wakapelekana kwa Khalifa Uthman bin Affan (r.a.). Uthman hakusema kuwa sharti limemaliza maneno. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba alimuuza akiwa hajui maradhi yoyote kwake. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea tena mtumwa wake. Baadaye mtumwa yule akapona, na Ibn Umar akamuuza kwa dirhamu 1500.

Huyu ni swahaba, mwana wa swahaba, mtu ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kwa ulaghai. Aliweka sharti kwa ulimi wake, mnunuzi akalisikia. Hata hivyo alipofikishwa kwenye kiapo alichagua kurudisha pesa. Sisi tunataka kibao cha boksi kitufikishe pale ambapo Ibn Umar hakutaka kufika.

Upande wa mnunuzi nao una mipaka. Katika madhhebu yetu haki ya kurudisha kwa aibu ni ya papo hapo kwa kadiri ya ada. Ukigundua kasoro leo usiendelee kukitumia kitu wiki mbili ndipo urudi. Ukikitumia baada ya kujua kasoro yake, umeridhia. Na kikipata kasoro nyingine mikononi mwako, huwezi tena kumlazimisha muuzaji akipokee kilivyo. Mtakwenda kwenye fidia ya ile aibu ya kwanza, au mpatane. Kwa sababu hii nawausia: kitu kikiharibika siku ya pili, usikipeleke kwanza kwa fundi wa mtaani akakifungua skrubu zote. Kirudishe kama kilivyo. Mkihitilafiana kama aibu ni ya kale au imezuka kwako, na yote mawili yanawezekana, kauli ni ya muuzaji pamoja na kiapo chake. Isipokuwa watu wa fani wakionesha vingine. Na watu wa fani tunao. Fundi mwaminifu akiifungua mota mbele ya wote wawili atajua kama iliungua kwa sababu ya kusagishwa vitu vikavu visivyowekewa maji, au kama waya zake tangu zamani zilikuwa za kuungaunga.

Mama yule aliirudisha asubuhi, katika boksi, bila kufunguliwa. Jibu nililompa ni kwamba dini haikumnyang'anya haki. Kilichomnyang'anya ni ukuta wa duka.

Sheria za nchi nazo

Kuna wanaodhani kuwa haya ni mambo ya vitabu vya kale tu. Hapana. Nchi yetu ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyotokana na zama za utawala wa Mwingereza, nayo inatambua kuwa bidhaa inayouzwa na mtu ambaye hiyo ndiyo biashara yake inatarajiwa iwe na ubora unaofaa kuuzika. Kisha ikaja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, yenye sehemu juu ya kumpotosha mlaji, na sehemu juu ya masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba wa mlaji hata kama hayakutamkwa. Mlango upo. Wengi wetu hatuupigi hodi, kwani nani atafunga genge lake siku nzima apande daladala kwenda mjini kwa ajili ya pasi?

Hiyo ndiyo siri ya nguvu ya kibao. Hakisimami kwa sharia ya Allah wala kwa sheria ya nchi. Kinasimama kwa uchovu wa mnunuzi. Muuzaji anajua kuwa nauli ya kudai itaila thamani ya kinachodaiwa.

Mnyororo wa Kariakoo

Nimezungumza na wenye maduka kadhaa hapa Mwenge, na ni uadilifu niwasemee. Kilio chao ni hiki: mimi nanunua kwa jumla Kariakoo. Nikimrudishia mteja pesa, blenda inabaki kwangu. Nikiipeleka Kariakoo, wa jumla naye ananionesha kibao chake, na yeye akiulizwa atasema kontena limetoka China na hana wa kumrudishia. Faida yangu katika blenda moja ni ndogo. Ikirudi moja, nimefanyia kazi bure mauzo ya nyingine kadhaa.

Maneno haya ni ya kweli na yanauma. Muuza mitumba naye yumo humo humo. Ananunua belo lililofungwa, ameambiwa ni la daraja la kwanza, akilifungua juu ni mashati mazuri na katikati ni matambara ya kufutia magari. Akirudi anaambiwa belo likishakatwa kamba ni lako.

Lakini tazameni hesabu hii inavyokwenda. Mwenye kontena anamtupia hasara wa jumla, wa jumla anamtupia wa rejareja, wa rejareja anamtupia mama wa juisi. Mama wa juisi hana wa kumtupia. Hasara imeshuka ngazi zote mpaka ikamkuta aliye chini kabisa, mwenye mtaji mdogo kuliko wote, na hapo ndipo tunaposema biashara imekwisha.

Allah (S.W.) ameteremsha sura nzima iitwayo al-Mutaffifin, na mwanzo wake ni onyo kali kwa watu ambao wakipimiwa hudai kipimo kitimie, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Tukiisoma tunafikiri mizani na lumbesa, na ni sawa. Serikali yenyewe ilianzisha Wakala wa Vipimo mwaka 2002 kwa ajili ya mambo hayo. Lakini tafakari hali ya mfanyabiashara anayelalamika msikitini kuwa wa Kariakoo amemdhulumu kwa kukataa kupokea bidhaa mbovu, kisha jioni ile ile anamfanyia mteja wake jambo hilo hilo kwa kibao cha maneno yale yale. Amedai kipimo kitimie na yeye amepunguza. Sijui kama kuna mfano ulio wazi zaidi ya huo.

Katika fiqhi kila mnunuzi ana khiyari juu ya aliyemuuzia. Wa rejareja anayo juu ya wa jumla, kama mama anavyoyo juu ya wa rejareja. Ukinyimwa haki yako juu, huna ruhusa ya kujilipia chini. Wenye maduka kumi wanaochukua mali kwa mtu mmoja Kariakoo wakienda pamoja na kusema kuwa kuanzia leo tunanunua kwa atakayepokea mbovu ndani ya siku saba, watasikilizwa. Kila mmoja akienda peke yake atafukuzwa. Na huyo wa jumla, mara nyingi, ni ndugu yetu tunayeswali naye Ijumaa.

Yaliyotokea kwenye simu

Mnakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizizima simu bandia nchi nzima, zile ambazo namba zake za utambulisho si halali. Kabla ya hapo wananchi walitangaziwa waihakiki namba ya simu zao kwa kubonyeza *#06#. Asubuhi yake watu waliamka na vipande vya plastiki mifukoni. Walikuwa wamevinunua kwa pesa halali, dukani, mchana kweupe.

Kisheria, serikali ilizuia jambo ambalo lina madhara yake. Lakini swali la fiqhi lilibaki mitaani bila kuulizwa: nani abebe hasara? Kitu kilichouzwa kwa jina la kampuni ambayo haikukitengeneza kina aibu tangu siku kilipouzwa, hata kama kimepiga simu miaka miwili. Matumizi yaliyopita ni mazungumzo mengine, yanaweza kupunguza kinachodaiwa. Kusema tu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi si jibu. Wapo wauzaji waliowapunguzia wateja wao bei ya simu halali kwa kuchukua ile iliyozimwa. Hao wamefanya jambo la kiungwana, na wateja hao sidhani kama wamehama duka mpaka leo. Wengine walifunga maduka kwa wiki moja wakafungua na jina jipya.

Nao mnunuzi asijifanye mtoto. Ukiuziwa simu ya jina kubwa kwa robo ya bei yake, na ukaulizwa kama unataka ya kweli au ya kopi, ukachagua kopi, ulichukua ulichokijua.

Mnunuzi asiyerudi tena

Mfano mwingine uko hapa hapa, kwenye soko la vinyago ambalo limeifanya Mwenge ijulikane kwa wageni kuliko misikiti yake na shule zake. Hapa sizungumzii hukumu ya kuchonga sura za viumbe hai. Hilo lina mahala pake. Nazungumzia bakuli, fimbo na sanduku la mti. Mpingo ni mti mgumu, mzito, wa bei. Wapo wanaochukua mti mweupe na mwepesi, wakausugua kwa dawa ya viatu nyeusi mpaka ukang'aa, wakamuuzia mgeni kwa jina la mpingo. Mgeni anapanda ndege usiku. Hata kibao hakihitajiki, kwa kuwa ndege ndiyo kibao.

Nimewahi kusikia mtu akisema kuwa huyo si Muislamu, na tena ana pesa. Subhanallah! Nani aliyetuambia kuwa ghishi ina uraia? Ulichouza kwa jina si lake, pesa yake si yako, awe aliyenunua ametoka Magomeni au Ulaya. Na anayeumia kwanza ni mchongaji mkweli wa kibanda cha jirani ambaye mpingo wake ni mpingo, lakini mgeni aliyedanganywa mwaka jana ameshawaambia wenzake wasiamini chochote.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina, akaingiza mkono wake katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Alipouliza akaambiwa mvua ilinyesha. Akamuuliza mwenye nafaka kwa nini asiuweke ule uliolowa juu ili watu wauone, kisha akaeleza kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja nasi. Tazameni kuwa hakumlaumu kwa mvua. Nafaka kulowa si kosa. Kosa lilikuwa ni mpangilio wa rundo. Tenga la nyanya, sado ya viazi, fungu la dagaa, tunajua sote mpangilio wake ulivyo. Nzuri zinaangalia barabara.

Inasimuliwa pia juu ya Imam Abu Hanifa, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa, kwamba mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kumtajia mnunuzi, na mnunuzi hakujulikana alikokwenda. Abu Hanifa akaitoa sadaka thamani ya bidhaa ile yote. Alikuwa na duka, alikuwa na mshirika, alikuwa na hesabu za kufunga kama sisi.

Jambo moja dogo kuhusu risiti, kwa kuwa linakwenda pamoja na haya. Tangu mashine za EFD zianze kutumika mwaka 2010 tumeingia katika mtindo wa bei mbili: ya kwenye risiti na isiyo na risiti. Mnunuzi anafurahia kupunguziwa. Kitu kikiharibika anakuta hana ushahidi kuwa alinunua duka lile, wala siku ile, wala kwa bei ile. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, ni ya kuandikiana na kushuhudishana katika mambo ya mali. Ajabu ni kwamba umma uliopewa aya hiyo ndio unaouza haki yake ya ushahidi kwa punguzo la shilingi elfu mbili.

MASWALI

Swali: Mimi nina duka la vifaa vya umeme. Kila kitu nakijaribu mbele ya mteja, anaona kimewaka. Je, akirudi kesho bado ana haki?

Jibu: Kujaribu ni jambo jema na linakulinda katika aibu ya dhahiri. Taa iliyowaka mbele yake, akairudisha imepasuka kioo, hana la kusema. Ama aibu ya ndani, ambayo kuwaka kwa dakika moja hakuwezi kuionesha, kujaribu hakukutoi. Ninachokushauri ni ukitoe kibao chako na uweke kingine chenye maneno ya kweli: kitu chenye kasoro ya ndani kitapokelewa ndani ya siku kadhaa, kikiwa hakijafunguliwa, pamoja na risiti, na aliyebadili mawazo hatarudishiwa. Umejilinda na wale wa magauni ya arusi, na hukumzuilia mwenye haki. Idadi ya siku muelewane na wa jumla wako kabla hujaiandika, usije ukaahidi siku saba ilhali yeye anakupa tatu.

Swali: Ustadhi, mimi ni fundi cherehani. Wewe umewasema wauzaji, lakini wateja wetu wanaleta kitambaa, wanatoa nusu ya pesa, kisha hawarudi. Nina nguo za tangu Idi mbili zilizopita. Nimebandika kibao kuwa isiyochukuliwa kwa miezi mitatu itauzwa. Inafaa?

Jibu: Kitambaa ni mali ya mteja na kwako ni amana. Ujira wako uliobaki ni deni lako juu yake, na una haki ya kutomkabidhi nguo mpaka akulipe. Lakini kibao peke yake hakikufanyi mmiliki. Mtafute, mpigie, mtumie ujumbe mbele ya mashahidi. Ukikata tamaa, lifikishe kwa mwenye mamlaka, aamue iuzwe, wewe uchukue ujira wako tu, na kinachozidi kiwekwe kwa jina lake hata kama ni shilingi mia tano. Nami nitakuuliza jambo, wala usikasirike: katika nguo hizo, ni ngapi ambazo wenyewe walikuja siku ya ahadi, wakaambiwa njoo kesho, wakaja kesho wakaambiwa umeme ulikatika, Idi ikapita? Hizo hesabu yake ni mbali, kwa maana aliyevunja ahadi kwanza si mteja. Zitenge katika mafungu mawili kabla hujaanza kupiga simu. Na kuanzia kesho andika jina na namba ya simu ya mwenye kitambaa kwenye kipande cha karatasi, ukibane kwa pini siku ile ile anapokileta.